Mkurugenzi wa Chumba Kimoja

Fundi alipoomba kuongezewa mshahara mara ya kwanza, walimpa cheo. Alipoomba tena, walimpa cheo kikubwa kuliko kile, na soda juu yake. Alipoomba mara ya tatu, wakaleta keki.

Lilikuwa shirika la kusaidia watoto viziwi. Ofisini kulikuwa na zulia safi mlangoni, na ukuta mzima umejaa picha za watoto wanaocheka. Aliyelianzisha na kuliongoza ni mwanamke waliyemwita Bi Mkubwa, mwenye sauti laini kama mafuta ya kupaka. Ukimsikia anakuita mwanangu, jua kuna kitu hataki kukupa.

"Mwanangu," alimwambia Fundi siku hiyo ya keki, mbele ya wafanyakazi wote, "wafadhili wametubana. Hela sina. Lakini heshima ninayo, na leo nakupa yote bila kubakiza. Kuanzia sasa wewe ni Mkurugenzi wa Teknolojia."

Wakapiga makofi. Mhasibu akakata keki, kipande kinono akampelekea Bi Mkubwa. Fundi akasimama na chake mkononi, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha huku jua linamwingia machoni.

"Hongera, mheshimiwa," Dereva akamnong'oneza. "Sasa unawaongoza kina nani?"

"Naongoza printa."

"Basi kaiongoze, maana imekwama na hakuna mwingine inayemsikia."

Na ndivyo ilivyokuwa. Idara nzima ilikuwa yeye peke yake, katika kijichumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Kompyuta za shirika, mtandao, simu za wafanyakazi, hata kishikwambi cha mjukuu wa Bi Mkubwa kilichodumbukizwa kwenye supu, vyote vilimsubiri yeye. Na kazi aliijua. Hilo ndilo lililomponza, maana ng'ombe mwenye maziwa mengi ndiye asiyefunguliwa kamba.

Nyumbani mambo yalikuwa yamebana zaidi. Alipanga chumba kimoja, yeye na mkewe mshona nguo. Mkewe alipojifungua mtoto wao wa kwanza, mama mkwe akaja kumhudumia binti yake. Wakatundika shuka katikati ya chumba, huku mama mkwe, huku wao na kichanga. Kuanzia hapo Fundi alilala chali na suruali yake mwilini, ameukaza mwili kama gogo, kitanda kisije kikalia mama mkwe akasikia. Asubuhi alitoka na viatu mkononi. Mtu anaweza kuzoea njaa, lakini aibu ya namna hiyo haizoeleki.

Jioni ya keki aliingia na habari zake. Mama mkwe alikuwa mwembamba, hana meno mawili ya mbele, ila ulimi alikuwa nao wa kutosha vinywa vitatu.

"Mkurugenzi!" alisema. "Binti yangu, inuka umpishe mkurugenzi apite. Mheshimiwa, utanisamehe, mguu wangu uko ofisini kwako."

"Mama, jamani," mkewe akasema.

"Niache nimpe pongezi zake. Baba, wamekuvisha kilemba cha ukoka, nawe umeikaza shingo kisidondoke. Siku mbuzi akipita hapo atakila, na sikio atapitia."

Mkewe akacheka kabla hajajizuia, kisha akaziba mdomo kwa kanga. Kicheko kile kidogo kilimwingia Fundi kuliko maneno yote ya mama yake.

Mtoto akakohoa. Alikuwa akikohoa tangu wiki iliyopita, kikohozi chembamba kama cha paka. Jiko lilikuwa humo humo ndani, nguo mbichi zinaning'inia humo humo. Mama mkwe akamwinua, akamlaza begani, na alipozungumza tena mzaha ulikuwa umemtoka.

"Nisikilize, mkwe wangu. Jumamosi narudi kwangu. Ukiwa umepata chumba cha pili, nitaondoka na kikapu changu tu. Ukiwa hujapata, naondoka na binti yangu na mjukuu wangu. Wewe utabaki uwaongoze mende."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Basi kesho yake Dereva, ambaye masikio yake yalitembea kuliko gari lake, akamletea Fundi habari. Hospitali kubwa ya upande wa pili wa mji ilitaka fundi wa kompyuta. Mshahara wa kueleweka, na nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili.

Fundi akaandika maombi. Na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, tena akidhani yatamsaidia, akayaandika majina yote ya vyeo alivyopewa, na cha mwisho akakipigia mstari.

Walimwita Alhamisi. Mkuu wa mafundi wa hospitali, aliyeketi na wasaidizi wake wawili, alikuwa bwana mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpa mashine iliyokufa, Fundi akaifufua. Akamuuliza hili na lile, akajibiwa. Bwana yule alikuwa keshaanza kumchekea kama mtu wa nyumbani, ndipo macho yake yakaangukia kwenye ule mstari.

"Mkurugenzi?" Akavua miwani. "Bwana, hapa tunatafuta fundi. Atatambaa chini ya meza kufuata waya, atatukanwa na manesi."

"Ndiyo kazi ninayoifanya."

"Mkurugenzi anatambaa?"

"Kila siku, mzee."

Wote mle ndani wakacheka, na Fundi akacheka nao. Lakini bwana mnene aliacha kucheka mapema kuliko wengine.

"Kijana, mimi nimeajiri watu wengi. Mtu hashuki mtini kwa mbio hivi bila kukimbizwa na nyuki. Ama umenidanganya kwenye karatasi, ama kuna jambo huko unalolikimbia."

"Ni jina tu, mzee wangu. Walinipa jina badala ya hela."

"Huenda. Kesho asubuhi nitampigia mkuu wako. Akiniambia wewe ni fundi, mtu safi, Jumatatu njoo uchukue ufunguo wa nyumba."

Fundi hakurudi nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Mkubwa, akabisha hodi, akabaki amesimama ingawa kiti kilikuwepo. Akamweleza yote. Chumba, shuka iliyotundikwa katikati, mama mkwe, hospitali.

"Kwa hiyo unataka kutuacha," Bi Mkubwa akasema polepole.

"Mtoto wangu anakohoa, Bi Mkubwa."

"Watoto wetu sisi, mwanangu, hata kikohozi chao wenyewe hawakisikii."

Fundi akainamisha kichwa. Maneno kama hayo hayana jibu, na mwanamke yule alijua, ndiyo maana alikuwa nayo tayari.

"Nakuomba univue cheo," Fundi akasema. "Wakipiga simu, waambie ukweli tu. Kwamba mimi ni fundi."

Bi Mkubwa akatabasamu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ukweli? Ukweli nitawaambia, mwanangu. Nenda kalale."

Jioni hiyo hata mama mkwe alipoa. Aliuliza kama nyumba za hospitali zina maji ndani, akaambiwa yapo. Mkewe alisema cherehani ataiweka chumba cha mbele, karibu na mlango, wateja wasimpite. Fundi akajisahau, akajigeuza kitandani, kitanda kikalia kwa sauti. Nyuma ya shuka mama mkwe akasema, "Mpe pole mkurugenzi, Jumatatu atalala kwa kujinyoosha." Wakacheka wote watatu gizani.

Ijumaa asubuhi Bi Mkubwa aliwaita wafanyakazi wote chumba cha mikutano. Akasimama pale pale aliposimama siku ya keki.

"Nina neno dogo tu. Kuanzia leo mwenzetu si mkurugenzi tena. Amerudi kuwa fundi. Naomba msiniulize kwa nini. Sisi ni familia, na familia haianiki nguo zake za ndani barabarani."

Watu wakamgeukia Fundi. Mhasibu akauvuta mkoba wake taratibu, akautoa upande wa Fundi, akauweka upande wa pili.

Fundi akafungua mdomo, na hapo hapo simu ya mezani ikalia. Bi Mkubwa akabonyeza kipaza sauti, wote wasikie.

"Napiga kutoka hospitali kubwa, mama," ilisema sauti ya bwana mnene. "Kuna kijana wako hapa ameomba kazi. Ni fundi au ni mkurugenzi?"

"Ni fundi."

"Mbona kaandika mkurugenzi?"

"Alikuwa. Tumemvua."

"Lini?"

"Leo asubuhi, baba."

"Kwa kosa gani?"

Bi Mkubwa hakujibu upesi. Aliuacha ule ukimya uchemke mpaka ukaiva, ndipo akaupakua.

"Baba, mimi ni mama wa hawa wote. Mama hasemi makosa ya mwanawe kwa jirani. Ninamwombea tu. Na ninyi mkimchukua, msimwache peke yake."

"Mimi ndiye niliyeomba!" Fundi akapaza sauti kuelekea kwenye simu. "Mzee, mimi ndiye niliyeomba kuvuliwa!"

"Huyo ndiye yeye?" sauti ikauliza. "Ameomba mwenyewe kuvuliwa cheo?" Kando yake, huko hospitali, mtu akaguna. "Asante, mama. Tumeelewa."

Simu ikakatika.

"Umemwambia mimi ni mwizi," Fundi akasema.

"Mimi? Mhasibu, umenisikia nikisema mwizi?"

"Hukusema, Bi Mkubwa," Mhasibu akajibu, mkono juu ya mkoba.

"Nimesema ukweli, kama ulivyoniomba. Sasa, mwanangu, kwa kuwa cheo umekikataa, na posho ya simu iliyokuja na cheo tutaikata. Haya, mtandao leo unajikokota, na wafadhili wanaingia saa nne. Kautazame."

Fundi akaenda kuutazama. Alipiga magoti kwenye stoo ya mafagio, mbele ya kile kisanduku chenye taa za kijani, na Dereva akaja kusimama mlangoni nyuma yake.

"Kata hizo waya, ndugu yangu. Waache gizani na wafadhili wao."

"Nikizikata, alichosema kitakuwa kweli."

Dereva akaondoka. Saa nne mtandao ulikuwa unakwenda kama maji ya mfereji.

Nyumbani alisimulia mara moja, bila kupunguza neno. Alimngoja mama mkwe apige dongo, lakini bibi yule alikaa tu na kikombe chake mpaka chai ikapoa.

"Huyo mwanamke," alisema mwishowe, "nyoka akimuuma, nyoka ndiye apelekwe hospitali." Akaweka kikombe chini. "Nimekuhurumia, baba. Wallahi nimekuhurumia. Lakini huruma si godoro, mtoto halazwi juu yake."

"Mama, tumpe hata mwezi," mkewe akasema.

"Mwezi wa kufanya nini?"

Mkewe akamgeukia Fundi, macho yamemtulia usoni kwake, anangoja aseme chochote. Fundi angesema lolote, hata uongo, mkewe angeshikilia hapo hapo.

"Kila nitakakokwenda," Fundi akasema, "watampigia yeye."

Mkewe akainuka, akaanza kukunja nepi.

Jumamosi aliwabebea mizigo mpaka kituo cha basi. Cherehani ilikuwa nzito, akaikataa mikono ya wapagazi, akaipandisha mwenyewe, akaifunga kamba mara mbili. Mkewe alipanda bila kugeuka, maana angegeuka asingepanda, na mama yake alikuwa nyuma yake akimsukuma mgongoni kwa kiganja.

Mtoto alibaki mikononi mwa Fundi. Alikuwa macho, ametulia, anaitazama shingo ya shati la baba yake kana kwamba ina maandishi. Basi likaunguruma.

Mama mkwe akatoa mikono dirishani. "Mlete."

Fundi hakusogea.

"Mlete, baba. Watu wanangoja."

Akamwinua, akampitisha dirishani. Mtoto akakohoa mara moja, na bibi yake akampokea kwa mikono miwili, akamfunika uso, kisha akafunga kioo, vumbi lisimwingie.