Udongo Unaoitika

Kila chungu cha mbabula, jiko la makaa, kikitoka tanuuni, Saliha hukigonga mara tatu na kusema, "Hodi." Mafundi wote wa mtaa wa Bwiza hufanya hivyo. Kilichoiva hulia kama kengele, chenye ufa hukohoa. Kizuri huvikwa bati la pipa, kikabana moto, na makaa ya siku moja yakapika siku mbili.

Jumanne moja roho yake ilikuwa juu juu. Ilyasi, mdogo wake, mchimba udongo, alikuwa hajapokea simu tangu Ramadhani. Byamungu, mwenye shimo unakotoka udongo wa Saliha, alisema kijana kavuka mpaka kwenda Uvira kutafuta maisha. Saliha aliitikia, ila kila jioni alipiga tena.

Akagonga chungu cha tisa. "Hodi."

"Karibu, dada," kikajibu kwa sauti ya Ilyasi.

Alikiweka chini taratibu kisije kikapasuka.

"We, uko wapi?"

"Niko mu shimo. Ukuta ulianguka siku ya mvua ile. Byamungu akasema wachimbe upande mwingine."

"Na simu?"

"Imelowa."

Jamani, Saliha alilia! Alipomaliza akakifunga chungu kwa kitenge, akakipeleka kwa Byamungu. Yule bwana alikisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Pole sana, mama. Lakini kumutoa ni kazi ya wiki nzima, na watu wanangoja udongo."

Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, naye aliandika jina, akaomba kitambulisho cha marehemu. Kilikuwa mfukoni mwa marehemu. Basi, akafunga daftari.

Udongo mwingine wa kuhimili moto haupatikani karibu, na Saliha ana watoto. Anaendelea kuununua uleule. Wateja hawalalamiki. Husema tu kwamba mbabula zake zina adabu, nyingine huitika hodi.

Wachimbaji hukaa machimboni mwezi mzima bila kurudi nyumbani. Kwa hiyo siku ya kufungua tanuu wake zao hufika kwa Saliha mapema, kusikiliza kama kuna mume atakayeitika. Chanelle hutangulia, kanga kaiuma kwa meno. Saliha hugonga kimoja kimoja, na wote hubana pumzi.

Leo vyungu arobaini vimelia tu, hakuna aliyeitika.

"Asante Mungu," Chanelle akasema. Akakimbia kununua mikate, akamkabidhi dereva wa lori la udongo la Byamungu ampelekee mumewe, asije akashuka shimoni na njaa.