Behewa la Verna

"Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, pai za leo juu yangu."

Ndivyo alivyoapa Orvin Tveit kwenye mkahawa wa Marlys, na wenzake watano wakavuta vikombe karibu. Desturi ya meza ile waliijua: anayenaswa na uongo anawanunulia wote pai.

Mkewe, Verna, alizikwa wiki iliyotangulia.

Mchezo wa Verna waliujua pia. Mji wao umekatwa katikati na reli, na treni za ngano hazina haraka. Ukikwama kwenye kizuizi unasoma namba ubavuni mwa mabehewa na kuzivunjavunja: hii inagawanyika kwa tatu, ile kwa kumi na moja. Verna alitafuta moja tu maisha yake yote: 510510. Hakuna ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa namba tasa saba za mwanzo, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba, bila kubakiza kitu. "Siku nikiiona," alizoea kusema, "dunia imeshanipa changu."

"Basi," Orvin akaendelea, "gari la maiti linakaribia reli, kizuizi hicho kinashuka. Nikasema, Verna, hata leo? Treni yenyewe mkia bado uko Kanada. Dereva kasinzia, mimi nimeota ndevu. Mara behewa la kijivu, taratibu kama bibi harusi. Tano, moja, sufuri, tano, moja, sufuri. Likampitia mbele kabisa. Amekwenda ameiona, jamani."

Akawatazama mmoja mmoja. Alitaka mtu mmoja tu aitikie. Nyumbani, peke yake, jambo hilo lilikuwa likimponyoka.

Delmar, jirani yake, alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Orvin, ndugu yangu, mimi nilikuwa kwenye gari la nyuma yako."

"Ulikuwa unalia. Ungeona nini wewe?"

"Nililia, lakini namba niliisoma. Mkeo alinifundisha, siwezi kuacha. Tarakimu ya mwisho haikuwa sufuri. Ilikuwa moja."

Orvin akasogeza kikombe chake kando.

"Nikaigawanya palepale kwenye usukani," Delmar akasema, sauti imeshuka. "Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, ikabaki moja. Kwa tano, kwa saba, hadi kumi na saba, kila mara..."

"Inabaki moja," Orvin akamalizia. "Najua, Delmar. Wiki nzima naigawanya."

Hakuna aliyecheka. Delmar alionekana kama angependa kuyarudisha maneno yake, lakini yalishatoka. Orvin akatoa pochi.

"Marlys, binti, lete pai ya cheri. Nzima."

Marlys akaikata vipande saba, kama alivyozoea tangu Verna alipokuwa akikaa kwenye kiti kile cha dirishani. Wazee walikuwa sita.

Orvin akalipia vyote.