Sahihi ya Mama Rula

Saa mbili na robo asubuhi Mama Rula alimaliza mchoro wa daraja la mto, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika jina lake kwenye kisanduku cha pembeni, kisha akasubiri. Herufi zilitulia kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Halafu ya kwanza ikanyanyuka, nyingine zikaifuata kwa mstari kama sisimizi, zikashuka kwa mguu wa meza na kuingia kwenye mkoba wake. Mfagizi aliyekuwa akipiga deki alisogeza ndoo kuzipisha.

Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na tisa. Mama Rula aliacha chuo ukiwa umebaki mtihani mmoja tu, baba yake alipoangushwa na kiharusi na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Alisema atarudi mwaka ujao. Mwaka ujao una ndugu wengi. Aliporudi hatimaye, aliambiwa masomo yamebadilishwa, aanze upya mwaka wa kwanza. Herufi zake zilikuwa na habari zote hizo, na hazikukubali kukaa kwenye mchoro wowote.

Michoro yake ilitiwa sahihi na Injinia Mdogo, kijana ambaye Mama Rula mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupima udongo na kutambua boriti inayobeba na ile inayojifanya inabeba. Kijana ana adabu zake. Kabla ya kuandika jina huuliza kwa sauti ya chini kama nguzo zitahimili, naye humwambia zitahimili, mwanangu, andika. Herufi za kijana hukaa pale pale, tena zimenenepa.

Mkuu wa kitengo alipostaafu, Mama Rula alikitaka kile kiti. Tusizunguke: alikitaka hadi akanunua viatu vipya. Meneja alimwita, akamwekea fomu, akamwomba asaini mbele yake. Meneja aliikandamiza herufi ya kwanza kwa kidole, katibu akaifunika ya mwisho kwa glasi. Zikapenya kwa chini, zikaondoka.

Meneja alishusha pumzi. Alisema kila mtu anajua nani anaibeba ofisi hii.

"Lakini mama, tutafanyaje? Kazi ya mkuu ni kutia sahihi."

"Na kazi ya kujua?"

"Hiyo utaendelea nayo."

Iliuma. Alikwenda kunawa uso, akarudi kwenye meza yake.

Jioni baba yake, ambaye siku hizi hukaa kitini karibu na dirisha, alizitoa zile herufi mkobani kama kawaida yake, akazimimina kwenye kalamu kwa ule mkono mmoja mzima. Ndiyo maana kalamu ile haijawahi kuisha wino, na ofisini wanamtania kwamba ni bahili.

"Mimi ndiye niliyekukatisha masomo," mzee alisema.

"Hukuweza hata kugeuka, baba."

"Ungerudi mapema."

"Ningerudi."

Mzee akafunga kifuniko cha kalamu, akampa.

Ijumaa meneja alimwita, akampa barua. Injinia Mdogo ndiye mkuu mpya wa kitengo. Mama Rula atamwelekeza mpaka aimudu kazi. Cheo chake kitabaki kilivyo. Chini kulikuwa na mstari wa kutia sahihi kwamba amesoma na amekubali. Akaandika jina, akaufungua mkoba sakafuni ili zisipate taabu. Akahesabu mpaka kumi, kisha mpaka thelathini. Hakuna hata moja iliyotikisika. Meneja alizipapasa kwa kidole. Zilikuwa zimekauka.

"Umeona, mama? Hapa zimekubali," alisema. Alimfurahia kwa moyo mweupe kabisa, akaitia barua kwenye faili.

Mama Rula aliufunga mkoba, akarudi kwenye chumba chake cha kazi. Injinia Mdogo alikuwa amesimama kando ya meza na mchoro wa daraja, hajathubutu kukaa.

"Mama, hapa nguzo zitahimili?"

Aliutazama mchoro kwa makini. Akachukua kifutio, akaisogeza nguzo ya tatu kidogo kushoto.

"Sasa zitahimili," alisema, akampa kalamu.