Siku Niliyoliona Tumbo Langu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya wasichana hapa Garissa, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba hasira zangu ziko karibu. Sikatai. Lakini mwaka huu nilikutana na jambo lililoninyamazisha kabisa, nami nimeamua kuliandika kabla sijalizoea.

Miaka minane iliyopita nilipasuliwa tumbo jijini Nairobi ili nipungue. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na mbili, sukari ikipanda kila mwezi. Daktari akaondoa sehemu kubwa ya tumbo, akaniachia kifuko chembamba cha umbo la ndizi. Nilipungua hadi watu wakaanza kunipa pole barabarani. Kisha uzito ukarudi, kidogo kidogo, bila haya. Kufikia mwaka jana nilikuwa na kilo mia moja na kumi. Daktari yule yule akaniambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi yake, kwamba kifuko kimepanuka na itabidi kikatwe tena. Tarehe ikapangwa.

Kilo zilinikera, lakini sizo zilizokuwa zikininyima usingizi. Kilichoniuma ni sijda. Kila nilipoinama kuweka paji la uso chini, maji makali ya tumboni yalipanda yakanijaa kinywani. Ramadhani moja, katikati ya tarawehe, yalinitoka juu ya mkeka wa msikiti mbele ya safu nzima ya wanawake. Nikasingizia chakula kibaya. Tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, nilikuwa naswali nimekaa kitini kama bibi wa miaka tisini. Watu walidhani ni magoti, nikawaacha wadhani. Moyoni niliamini jambo jingine: kwamba nilikata kilichoumbwa na Mungu, na sasa Mwenyewe halitaki tena paji langu la uso. Jambo kama hilo humwambii daktari. Sikumwambia.

Dada yangu Muslimo, anayeuza vitambaa sokoni, ndiye aliyeusafisha mkeka ule bila kuniuliza neno. Nilipomwonyesha ile tarehe ya upasuaji, aliweka mkasi chini.

"Abaayo, dada yangu, fundi akikuharibia gauni, unampelekea tena kitambaa kilichobaki?"

"Tumbo si gauni."

"Ndiyo maana nakuuliza. Kuna daktari wa upasuaji huu huu, anaitwa Hawo Koricha. Kwao ni upande wa Tarbaj, kule kaskazini. Kila mwisho wa mwezi anakuja kliniki moja hapa mjini. Mpelekee karatasi zako azisome, tusikie na yeye anasemaje."

Nilicheka kicheko kibaya. "Nairobi wameshindwa, Tarbaj ndio wataweza?"

"Nairobi hawajashindwa," alisema Muslimo. "Wewe hujawaambia ukweli."

Nilinuna siku mbili, siku ya tatu nikaenda. Muslimo alikuja pamoja nami, ingawa sikumwalika. Niliingia chumba cha daktari nimekunja uso, tayari kutokubali lolote. Daktari Hawo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani, wa umri wa wanafunzi wangu wa kwanza. Alisoma karatasi zangu zote, moja baada ya nyingine, na akarudia mbili. Sikuwahi kumwona daktari akisoma hivyo. Halafu akaanza maswali. Nakula nini, saa ngapi, nalala vipi.

"Nalala vizuri," nikasema.

"Na mito mitatu," akasema Muslimo.

Daktari aliandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Na unaswali vipi, mwalimu?"

Damu ilinipanda. "Daktari, nimekuja kwa habari ya tumbo. Sikuja madrasa."

"Na mimi nauliza habari ya tumbo," alijibu kwa upole. "Ukisujudu, kunatokea nini?"

Katika miaka minane, katika vyumba vyote nilivyovuliwa nguo na kupimwa, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilimgeukia Muslimo anisaidie kukasirika, nikamkuta anaangalia sakafu. Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, mimi ninayewafukuza wasichana darasani kwa kulia, na nikasema yote: maji makali, mkeka, kiti, na lile la Mungu kunikataa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipigapiga bega wala hakuniambia nisilie.

"Siwezi kukupa maoni kwa kusoma karatasi tu," alisema. "Hapa kuna picha za nje tu. Kesho asubuhi njoo bila kula, nikutazame ndani."

Asubuhi ile alinieleza kwamba angeshusha mpira mwembamba wenye kamera kupitia kooni, na kwamba angeweza kunichoma sindano ya usingizi. Nikakataa usingizi. Nilitaka kuona nilichokifanya. Basi akanipulizia dawa ya ganzi kooni, akanilaza ubavu wa kushoto, akanigeuzia kioo cha kamera kilichokuwa ukutani. Muslimo aliruhusiwa kusimama mlangoni.

Niseme ukweli: nilitarajia kuona kitu kilichooza. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejijengea picha ya pango jeusi lenye mishono iliyochakaa, kitu cha aibu. Mpira ukashuka, nikakakamaa, machozi yakanitoka, daktari akaniambia nipumue kwa pua. Kisha kioo kikajaa rangi ya waridi.

Palikuwa pazuri, wallahi. Sina neno jingine, na maneno ndiyo kazi yangu. Ukuta wote uling'aa kwa unyevu, na mishipa myembamba sana ilikuwa imetambaa juu yake, mingine mizuri kuliko nakshi yoyote ya hina. Na ulikuwa unatembea! Wimbi lilianza juu, likashuka taratibu, likafuatwa na jingine, ingawa hapakuwa na chakula cha kusukuma. Hakuna aliyeliamuru. Mimi nilikuwa nimelala pale nikiogopa, nalo lilikuwa kazini.

"Daktari," Muslimo aliita kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii bicha ni tumbo yake? Ya huyu? Sasa hivi?"

"Ni lake, sasa hivi."

"Subhanallah," alisema Muslimo, akaketi chini pale pale mlangoni.

Daktari alisogeza kamera. "Mwalimu, tazama huu mstari mweupe. Hapo ndipo ulipokatwa." Mstari ulipita ukutani umenyooka, laini, umefungwa kabisa. Nyama iliyokatwa ilikuwa imeshikana yenyewe, gizani, wakati mimi nikiitukana kila siku mbele ya kioo cha chumbani. Nilitaka kuomba msamaha, lakini nilikuwa na mpira mdomoni.

Kisha akaurudisha mpira juu kidogo, akanionyesha vidonda vyekundu kwenye koo la chakula, na mahali ambapo kiwambo cha kifua, ile nyama inayotenga kifua na tumbo, kilipaswa kulibana tumbo. Pangu palikuwa pamelegea wazi, na sehemu ya juu ya kifuko ilikuwa imepanda kifuani.

Baadaye, nilipoweza kuongea, alinichorea kwenye karatasi.

"Kukata kifuko tena kutakifanya kiwe chembamba zaidi, presha itaongezeka ndani, na maji yatapanda kuliko sasa. Mwenzangu wa Nairobi alikuwa anatazama kilo, na wewe hukumwambia lolote zaidi ya hizo kilo. Lakini mimi siishauri njia hiyo. Njia ya pili ni kuacha kifuko kidogo tu hapa juu, tukiunganishe na utumbo, chakula kipitie njia mpya, na tukaze hapa palipolegea. Utameza vitamini maisha yako yote. Upasuaji wa pili una hatari kuliko wa kwanza, mshono unaweza kuvuja, lazima ujue. Uzito utapungua kiasi, siahidi kilo ngapi. Njia ya tatu ni dawa bila kisu, ubaki na kiti chako."

"Na lile jambo jingine?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

Alivua miwani. "Habari ya adhabu sikusomea, mwalimu. Nilisomea matumbo. Na hili lako nimeliona leo, linafanya kazi kwa bidii kuliko watu wengi ninaowajua. Sasa niambie. Kati ya yote, unataka nini?"

"Kusujudu," nikasema.

Akaandika neno hilo juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo wenzake huandika uzito.

Niliifuta kwa simu ile tarehe ya daktari wa kwanza. Mwezi wa tano Daktari Hawo alinipasua mwenyewe Nairobi, kwa ile njia ya pili, na mshono haukuvuja, alhamdulillahi. Akanikataza kuinama kwa wiki sita. Nilizihesabu siku kama mtoto anayengoja Idi. Nilikuwa na woga mkubwa zaidi ya ule wa kisu: itakuwaje nikiinama na maji yakapanda vilevile? Nitamlaumu nani safari hiyo?

Siku ya arobaini na tatu, alasiri, nilitandika mswala sebuleni. Muslimo alikuwa ameshamaliza kuswali, amekaa na tasbihi, akijifanya hanitazami. Nilisimama, nikarukuu, nikasimama tena. Magoti yakashuka, mikono ikafuata. Nikafumba macho, nikafunga kinywa kwa nguvu, nikaweka paji la uso chini.

Nikangoja.

Hakuna kilichopanda. Mswala ulinukia udi na vumbi, na ulikuwa baridi kidogo pale paji lilipogusa. Nilikuwa nimesahau kwamba sakafu ina ubaridi wake. Nilisema Subhana rabbiyal a'ala mara tatu, nikasema tena, na tena, nikapoteza hesabu. Tasbihi ya Muslimo ilinyamaza. Nikamsikia akisogea, akipiga magoti karibu nami.

"Timiro," alininong'oneza kwa hofu. "Timiro, uko hai?"

Nilimsikia vizuri, nikabaki palepale.