Watu wa Mwaka wa Ishirini na Tano

Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, Mama Hesabu alimaliza safu ya mwisho ya kitabu cha mradi. Ofisi ya mradi wa pamoja wa maji ilikuwa na vyumba viwili na feni moja, na ilihudumia miji mitatu pamoja na mtaa mmoja mkubwa uliokuwa mwisho kabisa wa ramani. Mama Hesabu aliishi katika mtaa huo. Kazi yake ilikuwa kukadiria watu: leo wako wangapi, na miaka ishirini na mitano ijayo watakuwa wangapi, ili mhandisi ajue bomba liwe nene kiasi gani. Mtaa wake ulikuwa na watu elfu thelathini. Kwa mwaka wa ishirini na tano aliandika elfu sitini na moja, akarudia hesabu mara mbili, akapiga muhuri, akaenda kubandika chai.

Saa tano binti yake alimpigia simu kutoka bombani.

"Mama, foleni imerefuka ghafla. Kuna watu siwajui."

"Wamehamia?"

"Wanasema hawajazaliwa."

Binti alikuwa na mimba ya miezi minane, na maji yalitoka mara mbili tu kwa wiki, kwa hiyo hakuwa na muda wa kubishana na mtu.

Jioni Mama Hesabu alipita kuona. Walikuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, wamesimama kwa utaratibu nyuma ya majirani, kila mmoja na ndoo yake. Walisema wamekuja kwa sababu wameandikwa, na kwamba huko kwao maji hakuna. Msimamizi wa bomba, mtu asiyependa makelele, alichora mstari chini kwa chaki: waliozaliwa upande huu, wasiozaliwa upande ule.

"Sisi wenyewe hayatutoshi," alinung'unika jirani mmoja. "Hawa nao wana haraka gani?"

Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mrefu wa miaka kama ishirini na minne, mwenye mwanya, na mwenye mwendo wa marehemu mume wa Mama Hesabu, ule wa kutanguliza bega. Alikuwa amembebea binti ndoo zote mbili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye tumbo la binti. "Wa huyu."

Binti alimtazama juu hadi chini. "Afadhali," alisema. "Nilidhani utakuwa mfupi kama baba yako."

Tangu hapo alikuja kila siku ya maji, na binti hakunyanyua ndoo tena.

Alhamisi kamati ilikutana. Wenyeviti wa miji mitatu walikaa mezani. Mtaa haukuwa na mwenyekiti. Ulikuwa na Mama Hesabu wa kusoma tarakimu. Baadhi ya wasiozaliwa waliingia wakasimama ukutani, na katibu akawaandika kuwa ni waalikwa.

Mhandisi alieleza tatizo. Mabomba yaliagizwa mwaka uliopita, kabla watu hawajahesabiwa, na sasa yalikuwa yamelala uani, membamba. Yangeitosha miji mitatu. Kwa mtaa, yangetosha watu elfu thelathini na nane.

"Basi tuagize mengine," alisema Mama Hesabu.

"Mabomba yameshafika, Mama," alisema mwenyekiti wa mji wa kwanza, ambaye ndiye aliyetia sahihi ya kuyaagiza. Alisema kwa upole. "Bomba halipanuki. Idadi inapungua."

"Mbona ipungue ya mtaa peke yake?"

"Kwa sababu mko mwisho wa bomba."

Akampa hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kitabu kisipolingana na mabomba siku hiyo, mradi mzima ungerudi kabatini, miji na mtaa pamoja.

 Wiki hiyo Mama Hesabu alipekua kazi yake mwenyewe akitafuta kosa, akamwomba Mungu amwonyeshe, lakini hakuliona. Akawaendea wenyeviti majumbani mwao kuwasihi wagawane upungufu. Wa kwanza alituma mtu aseme hayupo. Wa pili alisema mji wake unatarajia kiwanda. Wa tatu alimpa soda, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsindikiza getini.

Siku ya maji iliyotangulia Ijumaa, yeye na mjukuu walirudi pamoja kutoka bombani.

"Haki ya Mungu, nikipunguza, wewe nitakuruka," alisema Mama Hesabu.

"Utanirukaje, Bibi? Jina sina bado. Hujui mimi ni wa ngapi."

Hilo lilikuwa kweli. Kitabu kilikuwa na idadi tu, majina hakikuwa nayo.

"Na usipopunguza?"

"Mtaro wa bomba hautachimbwa. Mama yako ataendelea na hizi siku mbili, mpaka nazo zikatike."

Mjukuu alihamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Andika tu," alisema. "Mama amechoka."

Ijumaa saa tatu asubuhi Mama Hesabu alifuta sitini na moja, akaandika thelathini na nane. Sifuri zilitoka kama mayai yaliyobonyea. Kisha akaomba ruhusa, akaenda bombani mbiombio kuona ni nani wametoweka.

Hakuna aliyetoweka. Foleni ilikuwa na urefu uleule. Tofauti ilionekana mtu alipofika mbele. Kwa baadhi yao maji yaliingia ndooni yakakaa. Kwa wengine yaliingia, yakapita, yakatiririka chini, na ndoo haikuwa na tundu. Msimamizi aliwabadilishia ndoo. Aliwaambia wakinge kwa viganja; maji yalipita juu ya viganja yakaviacha vikavu.

"Namba imepungua," alisema, "watu wapo." Akachora mstari wa pili, wa wasioshika maji.

Mjukuu alikuwa nyuma ya mstari huo. Alijaribu mara moja tu.

"Basi kura imeniangukia mimi," alisema, akazichukua ndoo za mama yake, ambamo maji yalikaa, akatangulia nyumbani.

Mama Hesabu alirudi ofisini kabla ya saa sita, akaomba kitabu.

"Kimeshasainiwa," alisema mhandisi. "Mapitio ni baada ya miaka mitano."

"Watu hawakupungua."

"Najua. Nimewaona nilipotoka kunywa chai. Lakini sasa kitabu kinalingana na mabomba."

Mama Hesabu alipiga magoti pale kwenye saruji. Mhandisi alimwinua, akampangusia kiti, akafunga kabati kwa ufunguo.

Wiki mbili baadaye binti alijifungua katika zahanati ya mtaa. Tangu siku hiyo yule mwanamke mrefu hakuonekana tena bombani, kwa kuwa alikuwa amefika. Alikuwa mtoto wa kike, mrefu kweli. Mkunga alimwosha, na maji yakateleza juu ya ngozi yake yakarudi kwenye beseni bila kumlowesha. Hata ulimi ulibaki mkavu. Mkunga akachukua mafuta, akamfuta damu kwa pamba. Wiki hiyo alikuwa amepokea wanne wa namna hiyo. Kwenye kadi aliandika: kilo tatu na robo; hashiki maji.

"Atakunywa nini?" aliuliza Mama Hesabu.

"Maziwa ya mama yake. Maziwa hayamo kwenye mradi."

"Na akiacha kunyonya?"

Mkunga alikuwa amekwenda kitanda cha pili.

Nje zilisikika sululu. Mtaro wa bomba ulikuwa umefika nyuma ya zahanati, na wachimbaji walikuwa wakiimba. Mama Hesabu alifungua kidumu chake, maji yake ya wiki nzima, akamimina kikombe, akampa binti. Binti alikunywa, mtoto akiwa kifuani. Akamiminiwa cha pili, kisha cha tatu.

"Nimeshiba, Mama."

"Kunywa."

"Na wewe je?"

"Kunywa, mwanangu," alisema Mama Hesabu, akamjazia cha nne.