Mfungo Mosi

Ulipita. Usijitie kusahau, maana mimi sisahau. Ulikuwa na mwavuli wa bluu wenye waya mmoja uliovunjika. Ulikiona kitanda chetu kimesimamishwa ubavu juu ya mkokoteni, godoro limefungwa turubai, cherehani imevikwa gunia kama mtu anayefichwa. Ulimwona mama yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, mvua ya Kasulu inamlowesha magoti. Ukapunguza mwendo. Nikafungua mdomo nikusalimie. Ukageuza uso, ukaanza kusoma bango la duka la simu ulilolipita kila siku kwa miaka. Kama hukuwa wewe, alikuwa jirani yako, na yeye leo anakula vizuri tu.

Ilikuwa siku ya kwanza ya kufunga. Msikitini walikuwa wametangaza kwamba mwezi umeandama, nami nilifurahi kuliko Waislamu wenyewe, mimi Mkatoliki wa Kitanga. Nilijua siku hiyo naingia kwangu.

Haraka yangu ya nyumba ilianza miaka sita kabla, siku aliyofariki mume wangu, Stanislaus. Alifia hospitali asubuhi. Nikatuma watu wakafagie ua, watandike mikeka, jamaa wapate pa kukaa. Nilipofika nikamkuta Mudathiri, mwenye nyumba wetu, amesimama getini na funguo mkononi.

"Pole sana, fundi," alisema. "Mungu ndiye mpangaji. Lakini kilio si hapa. Wapangaji wengine watahama."

Maiti ikatoka hospitali moja kwa moja kwenda kijijini kwetu Kitanga, juu ya gari la kubebea mihogo, na majirani waliotaka kumuaga wakamuaga likiwa linatembea. Nilikuwa nimemlipa Mudathiri miezi sita mbele, na katika miezi hiyo sita sikuwa na ruhusa ya kulia. Nililia kwa mguu, juu ya pedali ya cherehani. Nikaapa: mtu wangu mwingine akifa, atazikwa akitokea kwenye mlango wangu.

Mama aliposhikwa na ugonjwa wa moyo, miguu ikavimba hata viatu vya marehemu baba vikamkataa, nikamleta Kasulu awe karibu na daktari. Alijua anakwenda. Hakuomba dawa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwana wanje, mwanangu, hapa ni kwako?" Nikamwambia bado kidogo.

Miaka yote hiyo nilikuwa nashona sare za shule na kuweka pembeni. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimesoma. Mafundi tunakata vielelezo vya nguo kwenye magazeti ya zamani, nami kabla sijatia mkasi nilikuwa nasoma: kesi za ardhi, hotuba, barua za wasomaji wenye hasira. Nilijidhania sidanganyiki kwa karatasi.

Nyumba niliyoipata ilikuwa ya Bi Swaumu, mjane mwenye asili ya pwani, anayehamia Ujiji kwa mwanawe. Tofali za kuchoma, vyumba vitatu, mpera uani. Dalali alikuwa Gharibu, yule wa barazani kwa muuza vitenge, mwenye kalamu tatu mfukoni na moja tu inayoandika. Tulikaa mezani kwake mwezi wa kwanza, Bi Swaumu na mimi, pamoja na mashahidi wawili. Tatizo langu nililisema mbele ya wote: kodi yangu kwa Mudathiri inakwisha mwisho wa Februari, na Mudathiri hapokei mwezi mmoja wala miwili. Ni miezi sita au utoke. Kwa hiyo nataka tarehe ya kukabidhiwa nyumba ilingane na tarehe ya kutoka, nisilipie kuta mbili.

Bi Swaumu akasema yeye anataka kufunga Ramadhani yake ya mwisho katika nyumba aliyofia mumewe. Hilo alilisema. Nililisikia. Lakini alilisema mwanzoni kabisa, kati ya salamu na habari za mguu wake, nami nikalichukua kama maneno ya mzee anayeiaga nyumba. Halafu akataja siku, na Gharibu akaandika: *Muuzaji atakabidhi nyumba mfungo mosi.*

Bi Swaumu na mashahidi wakatia sahihi zao, wakaondoka kwenda kuswali adhuhuri. Nikaweka kidole juu ya yale maneno mawili.

"Kaka Gharibu, mfungo mosi ndiyo siku ya kwanza ya kufunga?"

Alikuwa anatafuna karanga. Aliniangalia, akaiangalia karatasi, akaniangalia tena. Miaka miwili sasa nakipima kile kimya chake, na kila nikikipima nakikuta kirefu zaidi.

"Ndiyo hiyo hiyo, dada," akasema. "Inalingana kabisa. Kwa Mudathiri unatoka Ijumaa, mwezi ukiandama unaingia kwako. Hata sufuria haitapoa."

Nikatia sahihi. Tena nikamshukuru!

Basi siku hiyo ya mvua nikafika na mkokoteni kwa Bi Swaumu nikakuta mazulia mapya sebuleni, wajukuu wamejaa, wanawake wanachambua kunde za futari. Akatoka na miwani yake.

"Mwanangu, mbona na vyombo? Si nilisema mfunguo mosi?"

"Si ndiyo leo, bibi? Watu wamefunga."

Akashika kichwa. "Mfunguo, mwanangu. Mfunguo! Mwezi tunaofungulia. Ukiisha huu wa kufunga, siku ya Idi ndipo unaanza mfunguo mosi. Wengine wanautamka mfungo, lakini mwezi ni huo huo. Gharibu hakukwambia? Huyo kasoma chuo cha Kurani kwa marehemu mume wangu, miezi anaijua kama jina lake."

Herufi moja. U. Mwezi mzima ulikuwa umelala ndani ya herufi moja.

Akanishika mkono. "Ingia. Chumba cha nyuma nitawatoa watoto, mama yako apate pa kujinyoosha."

Sasa hapa nikwambie kosa langu, maana sipendi usikie ya wengine ukadhani langu nimelificha. Nilikataa. Nilidhani wamekula njama pamoja. Mbele ya wajukuu zake nikamwambia, "Baki na mfungo wako, mwizi wa kuvaa ushungi."  Yule bibi alifunga mlango polepole, kama mtu anayefunga kwa ajili ya mgonjwa.

Nikageuza mkokoteni hadi kwa Mudathiri. Ufunguo alikuwa ameshaugawa. Mpangaji mpya, mfanyakazi wa shirika moja kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa ndani anapachika pazia. Na aliyemleta ni nani? Gharibu, tangu mwezi wa kumi na mbili, nilipomwambia natafuta nyumba. Ningejua pale mezani kwamba nyumba naipata baada ya Idi, ningelipa Mudathiri miezi sita nikaendelea kukaa, na Gharibu angekosa ujira wake wa kumleta mpangaji mpya. Sikuhitaji kusoma gazeti kulielewa hilo.

Nikamwacha mama kwenye kiti kando ya barabara, nikamfuata Gharibu barazani kwake, nimelowa.

"Ulijua."

"Dada, kwani imeandikwa Ramadhani? Imeandikwa mfungo mosi. Soma mwenyewe, si unasomaga magazeti?"

Wanaume waliokaa pale wakacheka. Muuza vitenge naye akacheka.

"Nilikuuliza, Gharibu. Nikaweka kidole."

"Mbele ya nani?"

Aliyetupokea ni Immakulata, muuza maharage, mtoto wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka sabini na mbili, raia kama mimi. Alikuwa na stoo ya udongo nyuma ya nyumba yake. Akasogeza magunia, tukatandika godoro. Mama akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Tumefika?"

"Tumefika, mama."

"Hii ndiyo yako?"

"Ndiyo."

"Mbona inanuka maharage?"

"Wenyewe walikuwa wakulima, mama."

Akacheka kidogo, akasema nyumba ya wakulima ina baraka. Immakulata akatoka nje. Mimi nikabaki na uongo wangu, na nilikaa nao siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa ya mfungo, wakati Immakulata anapepeta, mama alivuta pumzi kama anayetaka kuniita, asimalize.

Tukamlilia kando ya barabara, chini ya turubai lile lile la godoro, maana stoo haikuenea watu. Mlangoni pa magunia ndipo alipotokea. Jioni Bi Swaumu akaja na sufuria ya uji wa futari, akaugawa kwa waombolezaji kabla yeye mwenyewe hajanywa. Siku tatu baadaye akaniita, akaweka ufunguo mkononi mwangu. Mwezi ulikuwa haujaisha.

"Nitafungulia Ujiji," alisema. "Usinipigie magoti. Nenda ukalale."

Sikulala. Nilihamisha cherehani yangu hadi barazani, hatua tatu kutoka meza ya Gharibu, nikaandika kwenye boksi: NASOMA MIKATABA BURE. Kila mteja aliyekaa mbele ya Gharibu, nilinyanyuka nikasimama nyuma ya kiti cha mteja. Nikisikia "baada ya mavuno", nauliza kwa sauti: mavuno ya nini, mwaka gani? Nikisikia "mwisho wa mwezi", nauliza mwezi wa nani? Mwanzoni walicheka. Halafu wakaanza kuja kwangu kwanza. Niliifurahia njaa yake, sikufichi. Alipoacha kununua karanga nililiona. Alipoacha kubadili shati nililiona pia. Na nyumba ya Mudathiri, tangu yule wa shirika aondoke, imekaa tupu. Kila anayekuja kuitazama anapita kwanza kwangu kupima suruali, na suruali yangu haiishi kupimwa mpaka hadithi ya Stanislaus iishe.

Siku moja Gharibu akanisogelea. "Dada, umeninyima ugali. Nina watoto. Nisamehe basi."

"Tarehe gani?" nikamuuliza.

"Ya nini?"

"Ya kukusamehe. Taja tarehe, mwezi na mwaka, tuandike."

 Wiki ile akakunja meza.

Nilidhani nimemaliza. Juzi akaja mteja kutoka Kibondo kushonesha sare, ananiambia kuna dalali mpya kule karibu na stendi, mcheshi, ana kalamu tatu mfukoni, anapangisha na kuuza, watu wanampenda.

Kwa hiyo wewe uliye Kibondo, unayetoka nyumba ya kupanga kuingia yako, inuka. Karatasi iko kabatini, itoe. Tafuta mstari wa kukabidhiwa nyumba, uusome kwa sauti mbele ya mkeo, mbele ya mama yako kama unaye. Kama hakuna tarehe kwa tarakimu, nenda stendi leo, jua likiwa bado liko juu, uende na majirani wawili wenye masikio. Mwambie aandike upya. Akikwambia inalingana kabisa, usikae, hata akikuvutia kiti. Simama pale mpaka aandike, na wino ukauke.