Mwaka Ambao Tanuri Hazikuwashwa

Tende ya mabsali haimngoji mtu. Ikishapiga manjano una wiki mbili, zikizidi sana. Ndani ya hizo ikatwe, itiwe kwenye masufuria makubwa ya shaba, ichemshwe, ianikwe juani mpaka iwe bisri kavu ya kuuzwa India. Ukichelewa hulainika mtini, na ikishalainika haipikiki tena, ni halali ya mbuzi na manyigu. Kwa hiyo kila ukiingia mwezi wa saba, kijiji kile cha nje kidogo ya Ibra, huko Omani, kiliwasha tanuri zake tano kwa makuti makavu ya mitende, na moshi ukalala juu ya mashamba tangu alfajiri, kwani saa zile hata jani halitikisiki. Mchana upepo wa moto huuondoa moshi, lakini huleta vumbi mahali pake. Watu walikohoa, walicheka, walikula tende za moto. Ndio msimu wenyewe.

Kwa Bi Mahbouba msimu huo ulikuwa adui. Mumewe, Mzee Obaid, alikuwa na kifua kibovu. Mwaka wa nyuma alilazwa siku kumi na moja, na daktari akamwambia Bi Mahbouba kwa adabu lakini bila kuzunguka: msimu mwingine wa moshi, mzee huyu hataumaliza.

Ungedhani basi angepelekwa Maskati kwa mwanawe mpaka mambo yapite. Thubutu! Mzee Obaid alikuwa mbishi wa kuzaliwa.

"Nishatolewa Unguja na shati moja," alisema. "Sasa n'tolewe na hapa kwa moshi? Wallahi sitoki."

Kama mtu hatoki, basi utoke moshi. Ndivyo alivyoamua Bi Mahbouba, mwanamke wa Vuga, Unguja, ambaye kwa zaidi ya miaka hamsini ya Ibra hakuwahi kumwomba jirani hata chumvi. Alijitanda kanga juu ya abaya, akaenda barazani kwa Hood, mwenye tanuri kubwa na sauti kubwa kuliko wenzake.

"Hood, mwanangu, nimekuja kukuomba kitu kisichoombwa."

Alipomaliza kueleza, Hood aliitazama mitende yake. Mashada yalikuwa yameshaanza kupiga manjano.

"Bibi, wajua tende haingoji."

"Najua."

"Na wenye tanuri si mimi peke yangu. Wako wanne wengine."

"Kaseme nao wewe. Watakusikiliza."

Hood akashusha pumzi. "Ammi Obaid ndiye alonisomesha Kurani. Jirani ana haki yake, Bibi. Inshallah hutousikia moshi mwaka huu."

Na hakuusikia. Watu wale, Mungu awalipe, hawakuwasha. Tende zikalainika, zikadondoka, mvua ya milimani ikashuka jioni mbili mfululizo ikazichachusha, na kijiji kizima kikanuka siki. Wake wa majirani waliendelea kumsalimu Bi Mahbouba, ila salamu zilifupishwa. Zamani waliuliza habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, hata za maji ya mfereji; sasa ni salamu na njia. Aliliona hilo, likamchoma. Mume kwanza.

Lakini mume hakupata nafuu, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Nje hewa ya asubuhi haijapata kuwa safi kiasi kile mwezi wa saba, na ndani mzee anahema kama mtu anayepanda ngazi. Bi Mahbouba akaamua kuwa mwenye makosa ni vumbi. Akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa matambara ya maji, akatundika shuka mlangoni. Na kwa kuwa chumba kilichofungwa hunuka dawa na jasho, na malaika wa rehema hawapendi uvundo, akazidisha jambo alilolifanya tangu siku ya harusi yake. Alifukiza. Siku zote ilikuwa ubani asubuhi na udi magharibi. Msimu ule, kwa mapenzi, akafukiza kila baada ya sala, mara tano kwa siku, akikizungusha chetezo kutoka kichwani kwa mumewe hadi miguuni huku akimsomea Ayatul Kursi. Mzee alikohoa, kisha akamchekea.

Siku ya Ijumaa akaja Alyaa, mjukuu wao anayesomea udaktari Maskati. Alisukuma mlango, akarudi nyuma akikohoa.

"Shikamoo, Bibi. Hii moshi inatoka wapi?"

"Marahaba. Moshi gani? Kijiji kizima hakijawasha kitu."

"Hii, Bibi! Chumba yote imejaa!"

"A-a, huo ubani, mwanangu. Ubani si moshi."

Alyaa alikwenda moja kwa moja madirishani akang'oa matambara, akakitoa chetezo nje. Kisha akapiga magoti mbele ya bibi yake.

"Kwa kifua hakuna farki, Bibi," alisema. "Makuti, ubani, udi, yote dukhan. Yote moshi." Akaanza kulia, kwa sababu hakuwa na Kiswahili cha kulisema jambo lile kwa upole zaidi.

Bi Mahbouba akamgeukia mumewe. Alitaka akanushe, mzee yule maisha yake yote alimkanusha kila mtu.

"Ulikuwa ukijua?"

Mzee Obaid alikusanya pumzi. "Kila ukija nacho kifua kikinibana."

"Sasa ukinyamaza kwa nini, we mwanamme?"

"Hukuwa na furaha nyengine, Mahbouba."

Alimpiga kofi dogo la bega, kama alivyokuwa akimpiga ujanani, kisha akauangusha uso wake kwenye bega lile lile. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu, na walikuwapo watu kadhaa aliowachukia sana.

Walimpeleka hospitali. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, akafa.

Majirani walikuja wote, wenye tanuri wakiwa mbele, wale wale ambao jasho lao la mwaka mzima liliozea mitini. Hood alisimama mlangoni, macho chini.

"Kadari ya Mungu, Bibi. Tulijitahidi. Hatukuwasha hata kuti moja."

"Mimi niliwasha."

"Usiseme hivyo, Bibi."

"Nisikilize, Hood. Nyinyi hamkuwasha, mimi niliwasha, kila sala. Tende zenu zimeoza bure."

Hood akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyofanyiwa mfiwa anayeweweseka.

"Ajali ikifika haina dawa, Bibi," Hood alisema, akaondoka na wenzake kwenda kuchimba kaburi.

Bi Mahbouba akabaki na ukweli wake, hana wa kumpa. Mke wa Hood akaleta chetezo, makaa yameshika vizuri, akakiweka mbele yake. Sanda ilikuwa imekunjuliwa mkekani, na katika nyumba ile, tangu enzi za Unguja, sanda ya mume hufukizwa na mkewe.

"Fanya haraka kidogo, Bibi," alisema mke wa Hood kwa upole. "Wanaume wanaoosha wanangoja."

Alyaa alimshika bibi yake mkono. Bi Mahbouba akauchopoa. Akachukua ubani kwa vidole viwili, akautia juu ya makaa, na ulipopanda usoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akausikia kuwa ni moshi. Akakohoa, akaendelea kufukiza mpaka sanda yote ikanukia.